Kwa Wifi Yangu Zuhura, Juu ya Siku ya Maji Moto

Kilwa Kivinje

Mpendwa wifi yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, wifi? U hali gani huko Kiswere, na mguu wako waendeleaje na masika haya? Nimeambiwa baridi ikiingia unauburuta. Mama yako mzima? Na binti yako Asha, hajambo? Mimi namshukuru Mola, nala na kulala, ila magoti yananigomea nikitaka kusujudu. Kaka yangu Athumani yu hai, nywele zimekuwa nyeupe zote, bado anaranda mbao pale pale nyuma ya nyumba.

Najua jina langu mwishoni mwa karatasi hii litakutia kichefuchefu. Miaka kumi na saba sikukuandikia hata salamu. Nakuomba usiichome. Na kama kuna mtu anakusomea, mwambie asome kwa sauti, wasikie na majirani. Hii si barua ya siri. Siri ndiyo iliyotufikisha hapa.

Wiki mbili nyuma alikuja mtu wa kwenu kuuza samaki wa ng'onda sokoni. Nikamuuliza kama anakufahamu. Akacheka, akawageukia wanunuzi:

"Zuhura yupi? Yule aliyetapikwa na Maji Moto? Binti yake kachumbiwa na watu wa Mingoyo, lakini ndoa imekwama. Wanauliza walii ni nani, hapatikani mtu wa kujibu. Msichana hana baba."

Watu wakacheka naye. Wifi, niliacha kapu langu juu ya meza ya samaki nikaondoka. Asha ana baba. Baba yake ni kaka yangu Athumani, aliyekuwa mume wa mama yake kwa ndoa ya halali, na aliyemnyang'anya baba huyo ni mimi. Naandika ili arudishiwe kabla watu wa Mingoyo hawajachoka kungoja. Mengine unayajua, kwa kuwa yalikupata wewe. Lakini yako ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umezimia, na yako niliyoyafanya moyoni ambayo hayakuonwa na yeyote ila Mungu.

Unakumbuka mandari ile ya baada ya Idi, mwaka mmoja kabla ya vita ya Hitla? Vyama vyetu viwili vya ngoma ya lelemama vilikuwa vimegombana Shaabani nzima. Mimi nilikuwa wa Waridi, nyuma ya Bi Tatu. Wewe mgeni kutoka Kiswere ulikuja ukaingia Nyota, kwa Bi Mwanaisha, kwa sababu sisi Waridi tulikukalisha nyuma pamoja na wasafisha masufuria. Haki yako. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Kila chama kilisema kitakwenda kutembea Maji Moto, kikapike mhogo kwa mvuke na kucheza mbele ya mahali penyewe. Lori likapatikana moja tu. Basi tukapakiwa maadui wote pamoja, Waridi ubavu huu, Nyota ubavu ule, katikati yetu magunia ya mhogo, mayai na pembe za ng'ombe za kupigia vugo. Dereva akatuambia, "Mama zangu, mkipigana nawashusha njiani mliwe na simba." Hata hatujatoka mjini, Bi Tatu keshaanza:

"Nyota gani hizi? Mchana huu mbona siwaoni?"

Na wewe, wifi, ukamjibu kabla ya kiongozi wako, "Bora sisi twangoja giza. Nyie waridi gani mnanuka dagaa?"

Lori zima likalia kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, nikafunika mdomo kwa buibui nisionekane na watu wa kwangu. Nilikupenda siku ile, wallahi. Nilikupenda na kukuchukia kwa pamoja, na nitakueleza kwa nini.

Siku mbili kabla ya safari tulikuwa tunafua. Ukanisogelea, mikono imejaa povu, ukaniambia, "Wifi, mwezi huu sijaona. Usimwambie kaka yako mpaka nihakikishe." Nikakukumbatia. Nikakuombea dua. Ulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mimi nilikuwa na minane, na kila mwezi nilikuwa nikihesabu siku na kumwomba Mungu. Mwezi ule nilikuwa nimechelewa siku nne. Nami nilikuwa na tumaini langu, sikukwambia. Asubuhi ya safari, tukiwa tayari tumevaa sare, damu ikashuka. Nikajifunga kitambaa, nikanawa uso, nikapanda lori. Nisamehe kwa kulitaja jambo hili. Bila ya hili, hutaelewa lililofuata.

Pale Maji Moto hakuna haja nikueleze, mguu wako unapajua. Lakini anayekusomea huenda hajafika. Ni bonde dogo katikati ya vilima, halioti jani, linanuka mayai viza. Mvuke unatoka ardhini kila mahali, tope linachemka kama uji wa mtama, bwatu, bwatu. Mwisho wa bonde kuna shimo linaloitwa Chungu. Linatulia kiasi, kisha chini kunanguruma, na maji yanaruka juu kimo cha watu wawili. Tulipoliona mara ya kwanza tulikimbia wote, Waridi na Nyota, tukashikana. Siku ile kulikuwa na Mzungu na mkewe pia, wamekalia viti vya turubai, wanapiga picha.

Mlinzi wa mahali alikuwa bibi mmoja wa Kimatumbi, mfupi, tumbaku shavuni. Akatutazama na sare zetu, akasema:

"Nyie watu wa pwani mna bahari nzima. Kwenye maji yangu mnatafuta nini?"

"Tumekuja kuoga, bibi," Bi Tatu akamwambia, "tutoke weupe."

"Mtatoka weupe kweli, ngozi ikibaki humu."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuonyesha kwa fimbo mahali palipokuwa peupe kama palipomwagwa chumvi, karibu na Chungu, akasema pale pasikanyagwe, maana chini ni maji matupu, ardhi yenyewe ni kama ukoko wa wali. Akasema pia, mwanamke aliye katika siku zake abaki kwenye gari, mahali hapo hapamtaki. "Yupo?" akauliza. Bi Tatu akatujibia wote, "Hayupo." Mimi nikatazama chini. Nani angerudi kukaa ndani ya lori, mbele ya Nyota nzima, wamjue?

Tukapika. Mhogo tuliutia vikapuni tukauweka juu ya mvuke, ukaiva kabla hatujamaliza kugombania mahali pa kukaa. Halafu ngoma ikaanza, na wewe ukasimama umemshikia Bi Mwanaisha ule mwavuli wa hariri ya zambarau ulioushona vishada kwa mkono wako mwenyewe, huku mkituimba sisi kwa majina. Unaijua desturi yetu. Chama kikinyang'anywa mwavuli wake, hakichezi tena mpaka Idi nyingine, na walionyang'anywa huwapikia walionyang'anya. Ulikuwa mchezo. Tulikuwa tumenyang'anyana mara ngapi!

Nilikuzungukia kwa nyuma. Nikakukwapulia mwavuli, nikakupiga kumbo, nikakimbia.

Wifi, nilikimbilia kwenye weupe.

Watu walisema sikuona. Niliona. Nilikuwa mwembamba kama fito, nikajua nitapita, na nikajua utanifuata kwa sababu mwavuli ulikuwa kazi ya mikono yako. Kwamba utazama sikujua, Mungu ni shahidi. Lakini nilitaka uogope. Nilitaka japo kwa dakika moja uwe na hofu, wewe uliyekuwa na kila kitu tumboni.

Ukoko ukanibeba. Nikasikia nyuma kama chungu kinapasuka. Nikageuka. Mguu wako wa kulia ulikuwa umeingia hadi juu ya goti, mdomo umefunguka, na sauti yako haikusikika, kwa sababu wenzangu walikuwa wakipiga vigelegele wakidhani umejikwaa. Mimi peke yangu nilikuwa nimekuelekea. Mimi peke yangu nilikuona macho. Na bado, wifi, nikauinua mwavuli juu.

Nilisimama hivyo kwa muda wa kuisoma Kul-huwallahu moja. Nimeupima muda huo maisha yangu yote. Mzungu na mkewe wakapiga makofi.

Aliyekutoa ni dereva. Alichomoa ubao wa lori akaulaza juu ya weupe, akalala kifudifudi, akakuvuta kwa kwapa. Kanga ilipobanduliwa mguuni ilitoka na ngozi yake, kama mtu anavyovua soksi. Uliniangalia mara moja, ukazimia. Toka hapo hukuona kitu, basi nisikilize.

Bi Mwanaisha alichukua pembe ya vugo akampiga Bi Tatu nayo usoni. Meno mawili yakatoka. Wetu mmoja akamvuta mwenzio hereni mpaka ndewe ya sikio ikachanika. Walipigana kwa pembe, kwa vikapu, kwa mihogo ya moto. Mtu alimrushia Bi Mwanaisha maji yaliyotekwa hapo hapo kwa kopo, yakampata jicho la kushoto, nalo halikuona tena hadi leo. Nilisikia mifupa ya vidole ikikanyagwa. Wanawake wanaosali safu moja, wifi, wanaopelekeana futari! Mzungu akakunja viti vyake. Na wewe umelala pembeni juu ya magunia, mguu umevimba, unatoa maji.

Aliyenyamazisha vita ni yule bibi. Alipita katikati akiwapiga wote kwa fimbo, Waridi na Nyota, kisha akauliza mara moja tu:

"Nani amekuja na siku zake?"

Chungu kikanguruma, maji yakaruka, yakatunyunyizia sote. Niliamini, wifi. Niliamini kwa yakini kwamba mahali pale pamenikasirikia mimi na kukuchoma wewe, na kwamba maji yakiruka mara ya pili yatanifuata. Bibi akasema, "Msiposema, hamtoki hapa salama, na lori lenu halitafika." Wakaanza kutazamana. Macho yakanijia.

Nikanyoosha kidole, nikakuonyesha wewe.

"Huyu," nikasema. "Tunafulia pamoja, najua."

Hapo ndipo ulipoitwa jina hilo analolicheka muuza ng'onda. Chanzo chake ni kinywa changu.

Yaliyobaki uliyaona, ila nataka niyaandike kwa mkono wangu ili usiwe shahidi peke yako. Siku ya tatu, mguu wako bado una bandeji za hospitali, kaka yangu alirudi kutoka msikitini baada ya Adhuhuri. Barazani walikuwa wamemwambia kwamba mkewe ameukosea adabu mji mzima, ameendea mahali pa watu na uchafu wake, wamejeruhiwa watu kwa ajili yake. Athumani mtu wa kimya, unamjua, mtu wa kuongea na mbao. Siku ile alichukua ufito akakupiga ukiwa umelala. Akakupiga mgongoni, mikononi, na ulipoanguka chini ya kitanda akaupiga ule mguu. Niliona bandeji ikilowa damu. Majirani walikuja mlangoni. Mimi niliushika mlango wasiingie. Nikawaambia ni mambo ya ndani.

Ukapiga kelele, "Muulize wifi! Wifi anajua! Mwezi huu sijaona, nina mtoto wako! Wifi, sema!"

Kaka akaacha kupiga. Akanigeukia. Alikuwa anahema, na wallahi niliona usoni mwake kwamba anaomba niseme ndiyo.

"Mwajuma, ni kweli?"

"Mimi sijui hayo," nikasema. "Najua nilichokiona."

"Apa."

Akauteremsha Msahafu. Na mimi mwenyewe, wifi, bado nilikuwa sijatwaharika. Nikaushika hivyo hivyo, kwa mikono ile, nikaapa kwamba siku ya Maji Moto wewe ulikuwa katika hedhi.

Akakutoa kwa talaka tatu, pumzi moja. Ukachukuliwa ukiwa umelazwa kwenye machela hadi kwenye gari la kwenda kwenu.

Ulipojifungua, baba yako, Mungu amrehemu, aliandika. Athumani alikaa na barua ile akihesabu kwa vidole. Kama ulikuwa katika hedhi siku ile, na baada ya hapo hakukugusa, mtoto huyu wa nani? Mwalimu wetu wa dini alimwambia, "Mtoto ni wa ndoa, acha wasiwasi." Akajibu, "Dada yangu ameapa kwa Msahafu." Hakuijibu barua ile. Nami nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele. Neno moja tu lingetosha. Nikachambua mchele mpaka ukaisha.

Utauliza, wifi, kwa nini sasa. Nilifunga siku tatu za kafara ya kiapo, mwaka hadi mwaka, nimezifunga hata sijui mara ngapi. Nilipomfungulia mwalimu moyo baada ya yule muuza ng'onda, aliniambia, "Kafara ni baina yako na Mungu. Haki ya mja iko mkononi mwa mja. Utafunga mpaka ukonde, mtoto wa watu bado hana baba." Nimeujua pia upumbavu wetu. Maji yale hayakuuliza nani yuko katika hali gani. Yanachemka kwa amri ya Aliyeyaumba, na yanamchoma yeyote anayekimbizwa juu yake. Wewe ulikimbizwa na mimi.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa kaka, nimemchukua mwalimu awe shahidi. Nilimweleza yote niliyoyaandika humu, hata la tumaini langu la siku nne. Alinisikiliza akiwa ameshika randa. Nilipomaliza aliiweka chini polepole, akanipiga kofi, nikaangukia mkeka. Mwalimu akainuka kumzuia, nikasema mwache. Lakini hakurudia. Alikaa.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na saba inakaribia."

"Anafanana na nani?"

Nikasema sijui, sijapata kumwona. Hapo akalia, wifi. Mzee mzima, mbele ya mwalimu, kamasi zinamshuka na hazipangusi.

Mpaka hapa ndipo barua hii iliposomwa jana. Nilituma mtu kwa wanawake wa Waridi na wa Nyota walio hai, waje kwenye kibaraza changu wanisute, maana uwongo niliusema mbele yao. Walikuja kumi na wanane. Mke wa mwalimu akasoma, mimi nimekaa chini, kichwa wazi. Alipofika kwenye kidole, Bi Tatu akanitemea mate. Mwingine akanimwagia jivu. Mume wangu alitaka kuwafukuza, nikamwomba aende zake. Mwisho akasimama Bi Mwanaisha, anapapasa kwa fimbo, akaniinamia na jicho lake moja.

"Jicho langu nilishawasamehe," akasema, "tulikuwa tunapigana, na mimi nilipiga. Zuhura hakupigana na wewe, Mwajuma. Wewe ulimchinja." Kisha akawaambia wenzake, "Kuanzia leo nikisikia mtu analitaja lile jina la Maji Moto, nitakwenda kwake na pembe." Wakaitikia wote. Nimekuandikia hilo ujue kwamba hapa Kivinje jina hilo limekufa. Habari hii hadi kwenu itafika, najua namna midomo yetu inavyokwenda.

Sasa jambo la Asha. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ni ya kaka yangu, imeandikwa na mwalimu, ina alama ya kidole gumba chake na mashahidi wawili. Anakiri kwamba Asha ni binti yake wa ndoa. Kuhusu uwalii amesema uchague wewe, asichague yeye. Ukiruhusu, atakuja Kiswere mwenyewe kumwoza. Ikiwa hutaki kuuona uso wake, na una haki, ataandika barua ya kumpa kadhi uwakala, ndoa ifungwe bila yeye kukanyaga kizingiti chako. Lolote katika hayo mawili litawatosha watu wa Mingoyo. Hataomba kitu kingine, si kwako, si kwa mtoto.

Mimi sitakuja ila nikiitwa. Na radhi yako kwangu, wifi, usiichanganye na jambo hili. Ukinipa, ukininyima, ukiniapiza, Asha ataozwa na baba yake vile vile. Hilo halikungojei wewe unisamehe, na lisingefaa likungoje. Ulinitazama mara moja tu pale kwenye ubao, kabla hujazimia. Mengine yote mimi ndiye niliyekuwa nikikutazama.

Nisalimie mama yako kama atakubali salamu zangu. Mwambie Asha ana shangazi huku Kivinje, mtu mbaya, anayemwombea kila Alfajiri.

Kaka amekwisha kufunga zana zake, anangoja. Tafadhali nijibu upesi: aje, au aandike?

Mimi, wifi yako,
Mwajuma